Tumbaku Ndani ya Chombo cha Maziwa

Habari ya kufungwa kwa kiwanda cha tumbaku yangu niliipata dukani, nilipokwenda kununua viberiti. Mwenye duka, ambaye huagiza vitu vyake Nairobi, aliniambia bila kuinua macho kwenye simu yake: "Mzee, ile mikebe yako myekundu sahau. Kiwanda kimefungwa. Wanasema watu wa kiko wamebaki wachache, hakuna faida." Kisha akaniuliza kama nataka boksi kubwa la viberiti au dogo. Nikasema dogo. Sikuona tena sababu ya kununua kubwa.

Mimi ni mtu wa bara. Nililetwa Garissa na kazi ya mashine za visima, nikastaafu hapa hapa, na nyumba yangu iko mtaa wa Iftin. Masomo yangu yaliishia darasa la saba. Mke wangu alifariki mwaka juzi. Tulimzika kwao, nami nikarudi. Watoto hupiga simu kuuliza ninafanya nini peke yangu kwenye joto lile, nami huwajibu kwamba nachunga nyumba. Ukweli ni kwamba nilikuwa nachunga harufu.

Mke wangu hakupenda moshi. Nilipokuwa kijana nikivuta sigara alinifukuza hadi kwenye ua, akisema nanuka kama mbuzi aliyeanguka motoni. Lakini siku nilipoleta kiko na mkebe mwekundu, alinusa, kisha akasema, "Hiyo angalau ni kama jikoni kwa mama." Tangu hapo nilivuta ndani, jioni jua likianza kupoa, mimi kwenye kiti changu naye kwenye chake, akichagua mchele. Nilipokuwa nikitumwa kwenye visima vya mbali, hata Banissa huko, jirani alinieleza kwamba mke wangu hufungua ule mkebe, akanusa, akaufunga. Mwenyewe hakuwahi kuniambia. Baada ya kumzika niliendelea kuvuta jioni karibu na kile kiti, na nyumba ikabaki kuwa ile ile. Sasa nilikuwa na mkebe mmoja uliofunguliwa na mwingine ambao haujafunguliwa. Ikiisha hiyo, nitabaki na kuta na mabati.

Tumbaku ya mkebe pekee ilikuwa kali, kwa hiyo kwa miaka mingi nimekuwa nikiichanganya. Huchukua majani ya kawaida yanayotoka bara, nikayanyunyizia maji yaliyochemshwa na tende, nikayakausha kivulini, ndipo nikatia yale meusi ya mkebe, yenye harufu ya moshi. Watu wakaonja, wakataka. Mteja wangu mkubwa ni dalali wa mifugo, mtu wa Bute, mzee kunizidi. Mimi humwita adeer, yaani baba mdogo, kwa heshima. Yeye huniita walaal, ndugu, isipokuwa akikasirika. Mkewe hapendi kiko, kwa hiyo huvutia kwangu.

Nilipompigia simu kumweleza, alikuja na koti lake la kwendea matangani, akaketi kwenye mkeka, akanishika mkono.

"Bole, walaal," alisema, kwa maana pole yake huwa bole. "Bole sana. Kiwanda alikuwa mgonjwa?"

"Adeer, ni kiwanda."

"Najua ni kiwanda. Nauliza, alikuwa mgonjwa au ni ghafla?"

"Ni ghafla."

"Subhanallah." Akatikisa kichwa. "Sasa kaa, usilie. Nimeuza ngamia kiwete nikasema anatembea kwa maringo. Mimi na wewe tutashindwa na majani?"

Tukaanza kutafuta. Jaribio la kwanza lilikuwa tumbaku ya kutafuna, ile wanayouza akina mama sokoni. Niliikausha, nikaikata, nikajaza kiko. Adeer alivuta mara moja, akashikwa na kwikwi iliyomsindikiza hadi kwenye mnada, na nasikia siku hiyo kila akikwikwika mnunuzi alidhani anapandisha bei.

Jaribio la pili lilikuwa wazo lake, na hilo silisahau. Alileta uunsi, ule ubani ambao akina mama wa huku hupika kwa sukari na manukato, wakauweka kwenye chetezo na kutandaza nguo zao juu ya moshi. "Unataka harufu? Hii ndiyo baba ya harufu," alisema. Tukasaga, tukachanganya na majani, tukavuta. Sitasema kulikuwa na ladha. Lakini nyumba ilinukia vizuri kiasi kwamba jirani alichungulia dirishani akauliza kama naoa.

Adeer akaenda kwake. Kabla ya isha alirudi akiwa na mto wake kwapani.

"Warya," alisema, nikajua amekasirika. "Umeniharibia nyumba."

"Nimefanya nini?"

"Mama watoto amenusa koti. Ameuliza, huyu bibi arusi ni mtoto wa nani? Nikasema ni tumbaku ya mzee wa visima. Akasema tumbaku haijawahi kunukia kama mke mdogo."

Sikuweza kumwacha alale kwangu kwa kosa ambalo hakulifanya. Nikachukua kiko na mabaki ya ule mchanganyiko, tukaenda kwake. Mkewe alisimama nyuma ya mlango uliofunguliwa kiasi cha jicho moja. Nikamweleza kila kitu. Alinisikiliza hadi mwisho kisha akauliza, "Uunsi ni ya nguo. Nani anavuta nguo?"

"Ni sisi, mama."

"Vuta nione."

Nikajaza kiko pale mlangoni, nikawasha. Sukari ikayeyuka, ikachemka ndani ya kiko kama uji, ikapanda kwenye shina hadi kwenye ulimi wangu. Niliruka. Yule mama alicheka mpaka akakaa chini, akaita dada zake waje waone, nikaombwa kurudia, nikakataa. Mlango ukafunguliwa. Adeer akaingia na mto wake bila kuniaga.

Kuosha kile kiko kulinichukua muda mrefu, na nilipokuwa nakikwangua nilikuwa nimekata tamaa. Mkebe ulikuwa umefika nusu. Nilianza kuvuta kidogo, halafu nikawa naweka kiko mdomoni bila kukiwasha, jambo ambalo halimsaidii mtu yeyote.

Asubuhi moja nilikwenda kwa mama anayeniuzia maziwa ya ngamia. Ni mama wa makamo, mkali, ana meza yake karibu na njia ya kwenda sokoni, na mke wangu alinunua kwake miaka yote. Alikuwa anaandaa chombo. Wanavyofanya ni hivi: wana vyombo vilivyosukwa kwa nyuzi za mizizi, vinene kama mtungi, na kabla ya kutia maziwa huingiza vijiti vya mti wao vinavyowaka, wakafunika, wakatikisa, moshi ukajaa ndani. Kisha hupangusa makaa. Maziwa hukaa siku nyingi bila kuharibika na hubaki na ladha ya moshi. Nimeyanywa miaka mingi bila kuwaza chochote. Siku hiyo alifunua kifuniko karibu na uso wangu, na pua yangu ikasimama.

Ilikuwa karibu kabisa na harufu ya yale majani meusi. Sisemi ni sawa. Karibu kabisa.

"Mama," nikasema, "nikikuletea majani, unaweza kuyafukiza humu?"

"Majani gani?"

Ningeweza kusema ni dawa. Nikasema, "Tumbaku."

Alinitazama kana kwamba nimemwomba amwogeshe nguruwe. "Tumbaku? Kwenye chombo cha maziwa? Mzee, jua limekupiga mapema leo."

"Si kwa kuvuta sana, mama. Ni kwa harufu."

"Harufu ya nini?"

Nikamweleza. Sikutumia maneno mengi, na foleni ilikuwa nyuma yangu inasikiliza. Nilimwambia kuhusu kiti, na kuhusu mkebe ambao mke wangu alikuwa akiufungua mimi nikiwa mbali. Yeye hakusema pole. Aliangalia vyombo vyake, akasema, "Yule mama hakuwahi kukubali bei yangu bila ubishi hata siku moja, na hakuwahi kuonja kabla ya kununua. Lete hayo majani. Lakini usimwambie mtu."

Foleni nzima ilikuwa imesikia, lakini nikaahidi.

Akatoa chombo kikuukuu ambacho hakitumii tena, akakifunga uzi mwekundu shingoni kuwa alama. Kila asubuhi, akimaliza kufukiza vya maziwa, alifukiza na hicho, majani yangu yakiwa ndani, akakifunika na kukiweka pembeni nyumbani kwake. Mimi nilikuwa napita kuuliza hali yake kama mtu mwenye mgonjwa wodini. "Anaendeleaje?" "Anageuka rangi." Adeer naye akawa anapita kivyake, akiuliza vile vile, mpaka yule mama akatutishia fimbo sote wawili.

Kumbe mwana wa yule mama wa maziwa alikuwa ameoa, na bibi arusi alikuwa amewasili kutoka Mandera wiki hiyo hiyo. Msichana mwenye adabu, anataka mama mkwe aone kwamba hakulelewa ovyo. Alipoamka mapema akakuta chombo kimejaa takataka kavu zenye harufu, akaona aibu kwa niaba ya nyumba. Akayamwaga majani kwenye sinia, akakisuuza chombo, akakifukiza vizuri alivyofundishwa na mama yake, na akakijaza maziwa. Uzi mwekundu aliukata, kwa kuwa ulikuwa umechakaa.

Maziwa yale yalikwenda moja kwa moja kwenye hoteli iliyo karibu na soko la mifugo, ambapo madalali hunywa chai. Adeer ndiye aliyenipigia simu.

"Walaal, uko wapi?"

"Nyumbani."

"Kaa huko huko, usitoke. Chai ya leo nimeitambua. Nimekunywa tumbaku yako."

"Watu wako salama?"

"Wako macho sana. Yule mzee wa mbuzi, ambaye husinzia tangu alfajiri, leo ameuza wote na sasa anauza wa jirani yake. Lakini mmoja anasema kichwa kinazunguka. Wewe nyamaza tu. Hakuna anayejua."

Sikuweza kunyamaza. Kichwa cha mtu kilikuwa kinazunguka na mimi najua sababu. Nilivaa viatu nikaenda hotelini, nikamkuta mwenye hoteli mlangoni, nikamwambia yote: chombo, majani, uzi, bibi arusi. Nilimwomba amwage chai iliyobaki. Nyuma yake adeer alikuwa amejifunika uso kwa kofia yake.

Mwenye hoteli alinisikiliza kwa makini. Akageuka akatazama sufuria kubwa, akanigeukia tena.

"Kwa hiyo," akasema polepole, "kesho haitakuwepo?"

"Haitakuwepo."

"Hata kidogo?"

Chai ilimwagwa nikiona kwa macho yangu, na yule wa kizunguzungu tukamnywesha maji na kumkalisha kivulini hadi akaanza kututukana, ndipo tukajua amepona. Kwa mama wa maziwa nilitarajia kupigwa. Alikuwa amekasirika, kweli, lakini bibi arusi alikuwa analia jikoni na yeye hakutaka kumlaumu mtoto wa watu kwa usafi. Akanisukumia sinia. "Chukua mgonjwa wako," akasema. "Ametoka wodini."

Majani yalikuwa yamekuwa ya kahawia iliyoiva, laini. Nilinyunyizia maji ya tende, nikachanganya na yale ya bara, nikayaacha yatulie. Jioni adeer akaja. Sikumimina chochote kutoka kwenye mkebe mwekundu. Nilijaza kiko chake, nikajaza changu, tukawasha.

Alivuta, akafumba macho.

"Siyo yenyewe," akasema.

"Siyo yenyewe," nikakubali.

"Lakini hii ni nyumba ya hooyo, mama yangu. Pale Bute. Asubuhi, kabla ngamia hajatoka." Akafumbua macho, yakiwa na maji, akanikazia. "Moshi umeingia. Usitazame."

Nikatazama kiti cha mke wangu. Nilikuwa nimejiandaa kwa jioni zetu, kuchagua mchele na jua kupoa, na hazikuja. Nilivuta tena ili nihakikishe, kwa maana sikutaka kujidanganya. Hazikuja. Kilichokuja ni yeye akiingia mlangoni asubuhi na dumu la maziwa, mtandio umelowa jasho, akilalamika kwamba yule mama hapunguzi bei, akimimina kwenye sufuria huku harufu ya moshi wa maziwa ikijaa chumba kabla chai haijachemka. Mimi miaka yote hiyo saa ile nilikuwa natafuta viatu vyangu.

Nilizima kiko. Adeer akauliza nina nini.

"Hii tunavuta saa isiyo yake," nikasema. "Hii ni ya asubuhi."

"Asubuhi? Walaal, asubuhi niko na mbuzi."

"Basi uje kabla ya mbuzi."

Alinung'unika sana, kwamba mkewe atauliza anakwenda wapi alfajiri, kwamba safari hii hatakuwa na pa kupeleka mto. Lakini huja. Hunywa chai yangu kwanza, tena huinusa kabla ya kuonja. Mkebe mmoja umekwisha, na jioni zangu sasa hazina harufu, siwezi kusema vinginevyo. Ule mwingine uko kabatini. Siuvuti. Baadhi ya siku, jua likianza kupoa, naufungua, nanusa, naufunga.