Tela la Wawili

Mimi si mtu wa safari. Nyumbani kwangu Mirongo nina kiti kimoja barazani ambacho kimeshachukua umbo langu, na majirani wakimwelekeza mgeni humwambia akate kushoto akinikuta. Kwa hiyo mdogo wangu Kabula aliponituma kutafuta tela, nilimwambia atafute mtu mwenye miguu.

"Miguu unayo, kaka. Hujaitoa tu kwenye nailoni."

Kabula anaishi Kisesa, na uani kwake ana kayaki nne, ile mitumbwi myembamba ya plastiki ya kukaa mtu mmoja na kasia lake. Alizinunua zikiwa zimetumika, moja moja, kwa miaka. Sasa hoteli moja ya ufukweni ilikuwa imemkubalia awe anawatembeza wageni ziwani kila Jumamosi, kwa sharti kwamba azilete asubuhi na aziondoe jioni, maana pale hakuna pa kuzilaza. Yeye hana gari. Mimi ninalo, tena lina ndoano ya kuvutia tela, ambayo tangu nilinunue haijawahi kuvuta kitu zaidi ya suruali yangu.

"Jumamosi hii nisipotokea watampa mtu mwingine," alisema. "Nitabaki na mabeseni marefu ya kufulia."

Hakucheka aliposema hivyo. Ndipo nikainuka kitini.

Tela jipya halikuwa la mfuko wetu. Jirani yake akatupa namba ya mzee Masanja, mkulima wa kijiji kimoja mbele ya Kisesa, aliyekuwa anauza lake kwa bei ya kutupa. Nikampigia. Matairi? Mawili, mazima. Linabeba? Magunia ya mpunga, halijawahi kulalamika. Kulivuta je, linataka nguvu nyingi?

"Aa, wawili wanatosha."

Nikaelewa ni watu wawili wa kulisukuma hadi kwenye gari. Nikaridhika.

Alhamisi alfajiri niliondoka. Mji ulikuwa bado haujakunja shuka. Nilipoipita Igoma ukungu ulikuwa umelala chini, na mawe makubwa ya vilimani yalionekana yanaelea, kana kwamba usiku mtu aliyang'oa na sasa anatafuta pa kuyarudisha. Mbali, upande wa ziwa, wadudu wa majini walikuwa wamepanda angani kama moshi wa jiko lisilo na nyumba. Niliendesha taratibu. Nilikuwa na hofu kwamba nikipiga honi kila kitu kitaamka na kukaa mahali pake.

Saa mbili asubuhi niliacha lami, nikafuata njia ya vumbi katikati ya majaruba ya mpunga. Mbele ya boma la mzee Masanja alisimama mkewe, mama mrefu mwenye kanga kiunoni.

"Mwangaluka," alinisalimu kwa Kisukuma.

"Mwangaluka, mama. Shikamoo."

"Marahaba. Wewe ndiye wa tela? Mbona umekuja peke yako?"

"Nimekuja na gari."

Aliliangalia gari, akaniangalia mimi, akamwita mumewe. Mzee Masanja alitoka akichechemea. Goti ndilo lililomfanya auze. Akanipeleka nyuma ya zizi. Tela lilikuwepo, imara, limeundwa juu ya ekseli ya pikapu kuukuu. Lakini mbele lilitoa bomba refu la chuma, refu kama deni la ukoo, na mwishoni mwa bomba kulikuwa na nira. Chini ya kivuli walisimama maksai wawili, wanatafuna, wananitazama kama watu wanaomsubiri kondakta.

"Huyu ni Dereva, yule ni Konda," alisema mzee. "Nilikwambia wawili wanatosha."

Nikakaa juu ya jiwe. Akilini nikamwona Kabula uani kwake, Jumamosi, anafua kwenye beseni refu la rangi ya machungwa.

"Nilitaka la gari, baba."

"Ulisema tela. Hili ni nini, kitanda?"

Mama akacheka hadi akashika ukuta. Kisha akauliza ninabeba nini. Nikaeleza.

"Mtu mmoja?" mzee aliuliza. "Na samaki anakaa wapi?"

"Hawavui. Wanapiga kasia tu, halafu wanarudi."

"Wametoka kwenda wapi?"

"Hawaendi popote, baba."

"Basi ni ndugu zako," alisema mama, akitazama nilivyokaa kwenye jiwe. "Urefu wake?"

Nikamwambia hatua nne na nusu. Mama alisimama kwenye tela, akafuata bomba kwa macho hadi mwisho.

"Tela fupi lingekuvunjia kioo cha nyuma," alisema. "Pua za hiyo mitumbwi zingeingia ndani ya gari kukusalimia. Hapa zitalala juu ya bomba. Ondoa nira, fundi wa Kisesa achomelee kikombe cha kukalia hiyo ndoano yako. Umekuja kununua kosa, umepata dawa."

Niliinuka kutoka kwenye jiwe langu taratibu, kama mtu aliyeitwa jina lake usingizini.

Saa sita mchana tulianza kurudi. Tela lilikuwa bado la ng'ombe, kwa hiyo Dereva na Konda ndio walilivuta hadi kwa fundi. Mama Masanja aliwaongoza. Mzee, aliyewahi kuendesha magari ya pamba ujanani, akachukua gari langu na kutufuata nyuma, mkono mmoja dirishani. Mimi nikatembea.

Njia niliyoipita asubuhi bila kuiona ilifunguka polepole. Korongo weupe walihama kutoka jaruba hadi jaruba kama kurasa zinazofunguliwa. Ziwa lilitokea kati ya mawe mawili, likajificha, likatokea tena. Mama alikuwa anaimba kitu bila maneno, na ng'ombe walikanyaga humo humo ndani ya wimbo. Sijui nilitembea saa ngapi. Najua tu kwamba sikukumbuka kiti.

Fundi alimaliza Ijumaa. Mwishoni mwa bomba, mahali nira ilipokuwa ikikaa, chuma kilikuwa laini kama kiganja.

Jumamosi asubuhi kayaki nne zilikwenda ziwani, pua zao juu ya bomba, na kioo changu kizima. Nyuma yetu magari yalianza kupiga honi.

"Kaka, kanyaga mafuta. Unaendesha kama ng'ombe."

Tulifika kabla ya wageni. Kabula aliponipa kasia, nilikwenda mbali kiasi cha kurusha kiatu, nikaelea, nikarudi.

Nilichojifunza ni kidogo: ukiuliza habari za tela, uliza na kinacholivuta. Kabula aliuliza kama wiki ijayo ampate mtu mwingine wa kutusaidia kupakia.

"Wa nini?" nikamwambia. "Wawili wanatosha."