Upande wa Nne wa Taa ya Khoo

Tangu usichana wake, kazi ya Siok-tin pale kijijini Shifen ilikuwa kubandika taa za angani, zile zinazorushwa zipae na maombi ya watu: karatasi nne, pete ya mwanzi chini, utambi uliolowa mafuta katikati. Kisha taa moja ikashika moto hewani, ikaangukia shamba la chai na kuliunguza. Khoo, mwenye duka alilofanyia kazi, alijua kwamba karatasi aliyonunua kwa bei ya kutupa ndiyo iliyokuwa mbovu. Mbele ya wanakijiji akasema, "Gundi ya Siok-tin hiyo. Mkono wake una nuksi."

Neno likashika. Hakuna duka lililomtaka tena. Hata wauza soseji kando ya reli walipokea pesa yake kwa ncha za vidole.

Mwaka uliofuata, asubuhi ya sikukuu, Khoo akabisha mlangoni kwake. Alikuwa amechaguliwa kurusha taa kubwa ya hekalu, na mafundi wake wapya walikuwa wameshaichana mara mbili.

"Dada yangu, yaliyopita si ndwele."

"Ndwele anaijua mgonjwa, bosi. Na huu mkono wa nuksi?"

"Aa, maneno ya watu tu hayo."

"Watu gani? Wewe una vinywa vingapi?"

Khoo akacheka kwa shida.

"Nitabandika," akasema Siok-tin. "Andika maombi yako pande tatu. Wa nne ni wangu."

Khoo akakubali upesi. Alidhani Siok-tin, kwa kuwa ni mjane, angeomba mchumba.

Siok-tin akabandika vizuri kuliko siku zote. Kisasi hakitaki kazi ya kulipua. Akaikunja taa, akamkabidhi Khoo na kumwonya asiifungue kabla ya moto, maungio yasije yakaachia.

Jioni, uwanjani, Khoo na wenzake watatu walishika pembe. Utambi ukawashwa. Karatasi ikavimba, mikunjo ikafunguka, na upande wa nne ukawatazama watu: "Karatasi mbovu niliinunua mimi, Khoo. Nilimsingizia Siok-tin. Mbingu inisamehe."

Vicheko vikaanza nyuma, vikaja mbele.

"Kumbe," akasema mwenye shamba la chai.

Khoo hakuachia. Lakini kuizuia taa iliyokwisha kuwashwa ni kuita balaa nyumbani kwako mwaka mzima, na watu wote walikuwa wakimtazama vidole.

"Iachie, bosi," akasema Siok-tin kwa upole. "Au si kweli? Sema basi, tunakusikiliza."

Khoo akafungua vidole. Taa ikapaa wima.

"Umeridhika sasa?" akanong'ona.

"Bado. Ngoja ivuke bonde. Na wa ng'ambo wasome."