Koti la Marehemu

Mwezi wa Juni 1956 nilimpoteza mke wangu, Tabitha. Kwa ajili ya ibada ya kumkumbuka nilinunua koti la sufu katika soko la Sigowet, zito na bila tundu hata moja. Nguo kama hizo tuliziita kafa ulaya, tukiamini zimetoka kwa Wazungu waliokufa. Lilinikaa vizuri, lakini sikuthubutu kulifunga. Niliona kama nimemvua maiti.

Kanisani nilisimama kuwashukuru walionisaidia kumzika Tabitha. Nikaongeza, “Tumwombee pia marehemu mwenye koti hili, na mjane wake. Uchungu wake naujua.”

Mzee wa kanisa akaomba kwa muda mrefu. Baada ya amina, Kiprono, mpishi wa Mzungu mmoja wa shamba la chai, akasimama.

“Arap Koech, hiyo koti ni ya bwana yangu. Alinenepa akanipa, mimi nikauza. Leo asubuhi nimempikia mayai tatu.”

“Hajakufa?”

“Akikufa nitakuambia.”

Kanisa zima likacheka, hata mama mkwe wangu. Nami nikacheka, mara ya kwanza tangu Juni. Kisha nikaketi, nikafunga vifungo vyote, maana kulikuwa na baridi.