Bata na Beseni ya Mihogo

Masomo nilifika mwaka wa tatu tu. Lakini nyumba yangu ya matofali hapa Nchelenge nilijenga na mikono yangu, na telefone ya kupiga foto nilinunua na feza ya samaki yangu. Mutu asinifundishe.

Shemeki yangu, kaka ya bibi yangu, mama ya batoto bangu, anauzishaka samaki ya kisiwa cha Chisenga. Siku moja kwenye mitumbwi, mbele ya batu, alitazama foto zangu za bata ba pori, bale ba uso mweupe benye kupiga miluzi. Akacheka mpaka akakohoa.

«Shemeki, bata iko wapi? Ninaona majani, majani, na mukia moja!»

«Jumapili nitakuletea uso.»

«Uso ya majani?»

Batu bakacheka. Nilijua: nikishindwa, pale bataniita Bwana Majani mpaka kaburi.

Asubuhi tatu nililala na tumbo katika matete, matope mpaka kwa ndevu. Bata banainua shingo, muluzi moja, pruu! Bote juu. Jumamosi nikatoka pale na hasira. Nikaona bibi yangu ndani ya mayi, anamenya mihogo aliyoloweka, beseni kando yake, na bata banaogelea karibu naye, banaokota vipande. Ata habatazame!

«Baba, unajificha sawa mwindaji,» akasema. «Kuya umenye.»

«Miye? Kazi ya bamama?»

«Basi, kesho beba majani yako.»

Akanitupia kitenge yake kwa mabega, bata banizanie ni yeye, akanipa kisu, akaenda kukaa kwenye muchanga kunitazama. Nikaingia ndani ya mayi, nikamenya. Mugongo ukaniuma, vidole vikanuka. Nikagombana na ile mihogo mpaka nikasahau bata. Kumbe muluzi, hapa karibu na goti! Mama, baba, na batoto saba, manyoya sawa pamba. Nikatoa telefone polepole, mukono umelowa. Mama-bata akanitazama macho kwa macho. Nikapiga. Nikacheka peke yangu ndani ya mayi sawa mutoto, na habakuruka.

Jumapili, baada ya misa, kwenye mitumbwi, nikamupa shemeki telefone. Akakuza foto na vidole viwili.

«Na hii beseni? Na hii ncha ya kitenge ya dada yangu? Nani alikuwa anamenya?»

Batu bakakaribia.

«Ni miye,» nikasema. «Na nilimenya muzuri. Uliza dada yako.»

Hakuna aliyecheka. Shemeki akarudilia kutazama ule uso mweupe.

«Shemeki, kesho unaenda kwa bata saa ngapi?» akauliza.

«Saa kumi na mbili. Lakini kuya na kitenge yako.»