Hodi ya Tatu

Sitara binti Zahoro alizaliwa na hasira zake. Mama yake alikuwa akisema alizijua tangu mateke ya tumboni. Mtaa mzima wa Mkunguni, Kariakoo, ulilijua hilo. Muuza maji akifika mlangoni pake hakuthubutu kuleta debe lililopungua, na majirani wakitaka kumteta walihakikisha kwanza kuwa yuko kazini Upanga. Mwenyewe hakuona haya. Dunia ikukanyage, kisha uiambie ahsante? Hivyo ndivyo alivyokuwa akiuliza, na kusema kweli hakuna aliyemjibu.

Lakini hasira zake nyingi zilikuwa za kupita. Aligomba asubuhi, jioni akapeleka bakuli la mchuzi kwa yuleyule aliyegombana naye. Iliyokaa ilikuwa moja tu, nayo ilitokana na sufuria.

Alikuwa na sufuria la shughuli, lile la kupikia pilau ya mtaa mzima, alilorithi kwa mama yake. Hapakuwa na harusi wala matanga Mkunguni bila sufuria lile. Mumewe Mbaruku alipomwacha, talaka ikaletwa na mtu baki mchana kweupe naye anapepeta mchele, Sitara alinyamaza, na watu wakashangaa. Alikaa eda, akaimaliza. Siku chache baadaye dada yake Zamda akaja kuazima sufuria. "Kuna shughuli," alisema, wala hakusema ya nani. Sitara akalitoa. Ijumaa ile upepo ulileta harufu ya pilau kutoka Mtaa wa Sikukuu, na jirani mmoja asiyejua kufunga mdomo akamwambia kwamba Mbaruku anaoa na mpishi ni Zamda.

Hebu fikiria. Pilau ya mwanamke aliyeingia kitandani mwake ilipikwa katika sufuria la mama yake, kwa mkono wa dada yake tumbo moja. Huo ni udugu gani? Zamda alijitetea kwamba bibi harusi ni mwali wake, yeye ndiye kungwi aliyemfunda, angewezaje kukataa. Angekataa kwa mdomo aliopewa na Mungu, ndivyo angekataa. Sitara alilichukua sufuria lake, akalisugua kwa mchanga mpaka vidole vikachubuka, akalifudikiza uani. Halikupikiwa tena.

Tangu siku hiyo hakuitikia hodi ya Zamda. Na kutoitikia hodi si jambo dogo. Hata adui huambiwa karibu, akatukanwe akiwa ameketi. Mgeni hupiga hodi mara tatu, na asipojibiwa ya tatu hugeuka akaenda zake. Zamda alikuja kila Ijumaa baada ya sala, akasimama kizingitini, akaita kwa sauti yake ya kukwaruza iliyoharibiwa na kuimba ngomani: "Hodi, Sitara. Hodi, mdogo wangu. Hodi nyumba hii." Kisha kimya, kisha ndara zake zikiburuta kurudi alikotoka. Sitara alikaa ndani amebana meno, akizisikiliza ndara zile mpaka ziishe. Ilikuwa raha yake ya wiki nzima.

Kule Upanga alikuwa akifua na kupiga pasi kwa sonara mmoja, mtu wa Seloni, kisiwa cha kusini mwa Bara Hindi. Watu wa Seloni hawakuwa wengi mjini, na Kariakoo waliitwa Mabanyani tu kwa kutojua, ingawa wao dini yao ni ya Budha. Kila mwezi mpevu nyumba nzima ilivaa nguo nyeupe ikaenda hekaluni, na weupe huo ulikuwa kazi ya Sitara. Mke wa sonara aliitwa Somavati. Asije mtu akamfanya mpole. Alikuwa na hasira kama za Sitara mwenyewe. Ila zikimjia alizitangaza, kama mtu anayewaambia watoto mvua imeanza, anueni nguo. Tabia hiyo ilimuudhi Sitara kuliko doa la binzari.

Alhamisi moja pasi ya mkaa iliunguza sari nyeupe ya hekaluni, katikati kabisa, pasi ikajichora yote pale. Somavati aliiona, pua zikamtutumka. Akavuta kigoda akaketi.

"Hasira imekuja," akasema. Akavuta pumzi, akaishusha. "Bado ipo."

Sitara alisimama na pasi mkononi, hajui aombe radhi au aage kabisa.

"Sasa inapungua," Somavati akasema baada ya muda. "Sitara, mkono wako ulikuwa kwenye pasi. Wewe ulikuwa wapi?"

"Nilikuwa hapahapa, mama."

"Hukuwapo. Ulikuwa kwa mtu."

Ilikuwa kweli. Tangu asubuhi alikuwa anaisubiri Ijumaa ili asiitikie hodi. Akalimwaga lote, la talaka, la pilau, la ndara, akitaraji mwanamke mwenzake ampe haki yake. Somavati alisikiliza mpaka mwisho, kisha akamweleza kwamba wao wana dua ya kuwatakia watu mema. Mtu huanza na nafsi yake, kisha anayempenda, kisha mpita njia asiyemjua, mwisho kabisa adui.

"Mimi hukwama kwa adui," alisema. "Kwa mama mkwe. Kila siku nafika hapo nakwama, kesho naanza tena. Lakini wewe unakwama mapema. Unakwama kwa Sitara."

Sitara aliondoka amefura. Alitembea kutoka Upanga mpaka Kariakoo akisema peke yake, watu wakimpisha njia. Dua gani hiyo ya uchoyo, mtu anajianza yeye? Kisha anataka kunifundisha mimi? Usiku alisali isha, na ulimi wake ukafika kwenye yale maneno ya kila siku, Mola nighufirie mimi na wazazi wangu. Akagundua kuwa mimi ndiye aliyetangulia, tangu utotoni, chuo cha Kurani. Hilo nalo likamkasirisha.

Kesho yake hodi haikuja. Wala Ijumaa iliyofuata. Sitara akamkasirikia Zamda kwa kutokuja, kama alivyomkasirikia kwa kuja. Hakuna aliyemwambia lolote, kwa sababu alikwisha kuapa mbele ya mtaa kwamba atakayelitaja jina lile nyumbani mwake atatoka na maji ya moto. Basi watu wakatii. Mpaka asubuhi moja jirani yake Sofia aliposimama mbali, nje kabisa, akasema Zamda alikuwa mgonjwa, amefariki alfajiri, anazikwa baada ya adhuhuri.

Sitara alifunga mlango. Hakulia. Aliwakasirikia majirani kwa kumtii. Akamkasirikia Zamda kwa kufa bila kumaliza ugomvi, kama mtu anayetoka katikati ya mazungumzo. Jua likapanda, na kila mtu alijua asipotoka kabla ya adhuhuri hatauona uso wa dada yake tena. Alikaa.

Sasa, Wazaramo, kabila la kina Sitara, na Wanyamwezi ni watani. Msiba ukitokea mtani ndiye anayechimba kaburi, anayebeba maji, anayechochea moto. Ujira wake ni uhuru wa kusema na kutenda lolote, hata kumwigiza marehemu mbele ya wafiwa. Mfiwa akikasirika, kosa ni lake. Ameuvunja utani, na siku yake atazikwa na nani? Watani walitumwa kwa Sitara kuchukua sufuria, maana jingine la kutosha watu wa msiba halikuwapo. Aliyewaongoza alikuwa Safari, Mnyamwezi hamali wa sokoni, mwenye ulimi uliowashinda hata madalali wa mnada.

Sitara alisikia ndara zikiburuta. Kisha sauti ya kukwaruza.

"Hodi, Sitara."

Nje wanawake wengine walicheka, kama utani unavyotaka, wengine wakaziba midomo kwa kanga.

"Hodi, mdogo wangu."

Alikuwa amekwisha kusimama na mchi mkononi. Angempasua kichwa, utani ufe, na yeye azikwe na mbwa. Hapo akajisikia akisema, kwa sauti ndogo, maneno yaliyokuwa yakimchukiza: "Hasira imekuja." Akavuta pumzi. "Bado ipo." Haikupungua hata chembe. Lakini kwa kuwa alikuwa anaitazama, aliona inakokwenda. Ilimpita Safari mlangoni. Ilimpita Mbaruku, ikampita na Zamda, ikazunguka ikarudi chumbani, ikasimama mbele ya mwanamke mnene mwenye mchi, aliyeachwa akaona aibu kulia, akaona afadhali akasirike. Sitara alimtazama mwanamke yule. Hakumpenda. Alimwonea huruma, kwa mara ya kwanza, na huruma ile ilimuuma kuliko hasira.

"Hodi nyumba hii."

Safari aliishusha sauti mwishoni, kwa uchovu, kama alivyokuwa akiishusha Zamda. Kisha kimya. Kisha ndara zikaanza kuondoka.

"Karibu," Sitara alisema.

Ndara zikasimama. Akafungua mlango. "Karibu, dada," akasema tena kwa nguvu, ili mtaa mzima usikie.

Safari aliutazama mchi, akamtazama na yeye. "Umechelewa, mtani," alisema kwa sauti yake mwenyewe. "Mwenyewe keshaoshwa. Angejua leo utaitika, angesubiri."

Hakuna aliyecheka.

"Najua," Sitara alisema. Aliuweka mchi chini, akaenda uani, akaliinua sufuria, mende wakatawanyika. Machozi yalikuwa yanamtoka na hasira bado ilikuwapo, vyote pamoja, naye hakuvizuia. "Shika huku," alimwambia Safari, "nami nishike huku. Ulishike vizuri, la mama yangu hilo. Leo linampikia mpishi wake."