Makufuli Yaliyofungwa Tena

Mteja aliingia kibandani asubuhi akiwa amefura, akalibwaga kufuli mezani.

"Mama Funguo, umeniuzia nini hiki? Nimerudi nyumbani, kufuli limefungwa vilevile nilivyoliacha, ufunguo ninao mfukoni, na redio haipo! Mwizi kapita wapi, kwenye tundu la ufunguo?"

Mama Funguo hakucheka, ingawa kwa kawaida hakuwa mchoyo wa kicheko. Aliligeuzia kufuli kwenye mwanga wa dirisha, na kwenye mdomo wa tundu, upande wa kushoto, akauona mkwaruzo mwembamba kama unywele. Akampa yule bwana kufuli jingine bure, naye akaondoka akinung'unika habari za majini. Lile la zamani alilitia kwenye ndoo iliyokuwa chini ya meza, pamoja na wenzake.

Siri ya ndoo ile aliijua peke yake. Marehemu baba yake, aliyemwachia kibanda, alikuwa amewafundisha kazi wawili, yeye na mdogo wake wa kiume. Mdogo mtu baba alimwita Kidole, kwa jinsi alivyoweza kulisoma kufuli kwa kuligusa tu. Kidole alikuwa mashoto, kwa hiyo waya wake ulikwaruza upande wa kushoto. Na baba alikuwa na amri moja aliyoirudia mpaka ikawachosha: kufuli likishafunguka, lifunge kwanza usikie linavyolia, ndipo umwite mwenye kufuli. Kuliacha linaning'inia wazi kwake ilikuwa aibu sawa na kutoka nje bila shati. Basi Kidole alipoingia kwenye unga wa kulevya, na unga ukamtoa nyumbani, amri ya baba alitoka nayo. Aliiba kifundi. Akimaliza kuchukua, anafunga.

Kitu cha kwanza alichoiba kilikuwa tupa ya baba ya kuchongea funguo, ile ambayo mpini wake ulikuwa umechakaa ukafuata umbo la kiganja cha mzee. Mama Funguo alilia siku hiyo kuliko alivyolia msibani. Kidole alifungwa mara tatu kwa kukutwa na kete ya unga mfukoni, na kila alipotoka alirudi amekonda zaidi na ana marafiki wabaya zaidi. Mara ya mwisho hakufika nyumbani kabisa. Dada mtu akawa anazipata habari zake kwa njia moja tu, makufuli ya watu.

Kisha sheria ikabadilishwa. Anayekutwa na unga kidogo wa kutumia mwenyewe hafungwi tena; anaandikiwa karatasi ya kwenda kumwona mshauri kliniki. Anayeuza bado ni mhalifu kama zamani.

"Tumekwisha," alisema fundi viatu wa kibanda cha pili. "Sasa wezi watakuja mchana, na ngazi mabegani."

"Acha uzushi," alijibu askari mstaafu, ambaye tangu astaafu alilifanya benchi la wateja wa Mama Funguo kuwa ofisi yake. "Mimi hao nimewakamata miaka ishirini. Yuleyule namtia ndani leo, mwezi ujao namtia tena, mpaka tukazoeana ananiuliza hali ya watoto wangu. Wizi ulipungua?"

"Na ukiwaachia ndiyo utapungua?"

Mama Funguo, ambaye hakupenda ubishi usio na kipimo, aliwakatisha. "Jamani, mnapiga kelele bure. Makufuli yote ya mtaa huu yanapita mikononi mwangu. Tuyaulize."

Akatundika kalenda ukutani. Kufuli lililovunjwa kwa mtaimbo alilichorea duara. Lililofunguliwa likafungwa tena alilichorea mstari.

"Huo mstari wa nini?" aliuliza fundi viatu.

"Wa majini," akajibu, akainamia kazi yake.

Mwezi wa kwanza mistari ilikuwa saba. Wa pili minne. Wa tatu mmoja. Wa nne na wa tano, hakuna. Maduara nayo yalipungua, ila si sana. Lakini kuna jambo ambalo kalenda haikuandaliwa kulihesabu. Wauzaji wakubwa walikuwa wakigombea kona ya maghala, na Mama Funguo aliitwa kubadilisha vitasa vya milango iliyotobolewa kwa risasi. Kabla ya sheria aliitwa mara mbili mwaka mzima. Baada ya sheria alikwisha kuitwa mara tatu.

"Mnunuzi kaachiwa," alisema mstaafu, akiitazama kalenda kwa muda mrefu, "ila anayemuuzia ni yuleyule na bastola yake ileile. Hapo sheria haijagusa."

"Kwa hiyo nimeshinda au nimeshindwa?" aliuliza fundi viatu.

"Wewe umeshona soli ya kulia kwenye kiatu cha kushoto," alijibu mstaafu. "Hebu angalia."

Wakacheka wote, isipokuwa Mama Funguo. Ile miezi miwili bila mstari ilikuwa imemkosesha raha. Mwizi anaweza kuacha wizi kwa sababu amepona, na anaweza kuacha kwa sababu amekufa, na kalenda haikuweza kumwambia ni lipi. Mama yao, mzee aliyekuwa haoni vizuri tena, alimuuliza kila siku kabla hajaondoka kwenda kazini, "Hujasikia kitu?" Alizoea kumjibu, "Yupo, mama," na kwa miaka yote hiyo hakuwa amesema uongo. Sasa hakujua tena kama ni kweli.

Siku ya tatu ya mwezi wa sita alifunga kibanda mapema akaenda kliniki.

Muuguzi wa mapokezi alikuwa mpole lakini mgumu. "Dada yangu, majina hatutoi. Watu wanakuja hapa kwa sababu hatutoi majina."

"Nielewe, mwanangu. Sitaki kumchukua. Nataka kujua yu hai."

"Siwezi. Nisamehe."

Mama Funguo alijikusanya aondoke. Ndipo jicho la kazi likatua kwenye kabati la dawa nyuma ya muuguzi, na kwenye kufuli lake. "Hilo kufuli lina nini?"

"Aa, hilo!" Muuguzi alicheka. "Ufunguo ulipotea wiki iliyopita. Mmoja wa wanaokuja hapa akasema atalifungua kwa waya. Tukasikia limelia, tukakimbilia, tukalikuta limefungwa! Tukadhani limemshinda. Kumbe alishalifungua, akalifunga, ndipo anatuita. Tukamuuliza, wewe mzima kweli?"

Mama Funguo aliomba ruhusa, akasogea. Upande wa kushoto wa tundu kulikuwa na mkwaruzo mwembamba. Akashika kabati kwa mikono miwili, akacheka na kulia kwa pamoja mpaka muuguzi akamletea maji.

Hakuuliza jina tena. Alichomoa ufunguo mmoja wa kibanda kwenye shada lake, akauweka mezani. "Mpe huyo fundi wenu. Mwambie akija asitumie waya."

Zikapita siku tisa. Kila asubuhi kabla ya kufungua alipiga magoti mlangoni, akalikagua kufuli lake, na kila asubuhi lilikuwa safi, halina alama yoyote. Siku ya kumi vilevile. Likamuuma. Akajiambia kwamba hatakuja, akafungua, akaingia.

Juu ya meza, mahali pake pa zamani kando ya jiliwa la kubania funguo, ilikuwapo tupa ya baba. Mpini ulikuwa umepakwa mafuta. Aliishika akasimama nayo, kisha akarudi mlangoni kuliangalia tena kufuli lililokuwa halina mkwaruzo.

Fundi viatu alimwona anafuta machozi. "Vipi tena, Mama Funguo? Umeibiwa?"

"Hapana. Mdogo wangu alipita," akasema. "Alikuwa na ufunguo."

Akafunga kibanda, kazi haijaanza, akaenda nyumbani kumwambia mama.