Walipotuita Sote kwa Ajili ya Jordy

Wifi yangu Katungu si mtu wa maneno mengi. Anauza mafuta ya mawese mtaa wa Beu, huko Beni, na akikupimia hakuongezei hata tabasamu. Kwa hiyo aliponipigia simu nikiwa Kipese akasema, "Docteur anaita famille yote ku hôpital. Mukuye kesho," nilikaa chini palepale shambani, juu ya viazi nilivyokuwa nachimba. Mwanawe Jordy, wa miaka minane, alikuwa amelazwa Butembo wiki nzima kwa ugonjwa wa sukari, mama yake akiwa naye.

Kwetu mgonjwa hulindwa na mtu mmoja. Anampikia, anamfulia, analala sakafuni kando ya kitanda chake. Familia nzima haiitwi bure. Mara ya mwisho tuliitwa wakati wa Ebola, kumuaga Lusenge, mtoto wa kwanza wa Katungu, yeye ndani na sisi nje ya ukuta wa plastiki. Katungu aliomba amguse hata kidole. Madaktari wakakataa, na walikuwa na sababu zao, lakini nenda wewe ukamweleze mama hizo sababu.

Basi nikavaa nguo za msiba nikapanda pikipiki. Kwenye geti la hospitali nikamkuta kaka yangu Ananie, baba wa Jordy. Ananie ni seremala. Alikuwa anashusha mbao, zimeshakatwa, na kipimo chake ni cha mtoto. Nilitaka kumzaba kofi. Kisha nikaona macho yake yalivyovimba, nikamsaidia kuziegemeza ukutani.

Huko ndani ndiko akili zetu zilikovurugika kabisa. Jordy alikuwa ameketi kitandani anakula yai, anamcheka baba yake kwa vumbi lililomjaa kichwani. Nikamshika paji la uso. Halina homa. Nikamnong'oneza Katungu, "Huyu njo anakufa?"

"Sijue. Mi naona anapona, mais bameita famille. Niamini macho yangu ao niamini benyewe ba hôpital?"

Alikuwa ameshafunga mzigo wake. Kama mtoto anakufa, alisema, akafie nyumbani, ambako hakuna wa kumzuia kumkumbatia. Mpaka leo sijui kama nilimkatalia au nilimkubalia. Dawa ilikuwa bado inashuka tone kwa tone kwenye mkono wa Jordy, na mama yake anaitazama ile mipira ya dripu asijue inachomolewaje.

Ndipo Daktari Simone akaingia, mama mmoja mrefu aliyehamishiwa kwetu kutoka Kisangani. Akavuta kiti, akaketi katikati yetu. Akatazama nguo zangu, akatazama ule mzigo.

"Nani amekufa?"

Nesi Rébecca, aliyempa Katungu ule ujumbe wa kutuita, akainamia daftari lake.

"Eh, hapana!" daktari akasema. "Jordy atarudia ku nyumba kisha siku tatu. Mais sukari haiishake. Nilibaita juu kila mutu anaishi naye ajue chakula yake, na alama za hatari. Na shindano ya insuline, mama, ni wewe njo utamutoboa."

Katungu alisimama. Sijawahi kumsikia akipaza sauti, na siku ile aliipaza wodi nzima ikageuka.

"Ule wa kwanza mulinikataza hata kumugusa! Leo munasema huyu nimutoboe na shindano? Munataka nini kwangu?"

"Ule wakati sikukuwa hapa, mama," daktari alisema. "Ya ule wa kwanza siwezi kukujibia. Huyu njo niko naye."

Akampa Katungu sindano ashike, akamwonyesha mahali pa kuchoma, upande wa paja la Jordy. Katungu akainama juu ya paja. Jordy akafumba macho yote mawili, kisha akafumbua moja kuchungulia. Sindano ikaingia, ikatoka.

Katungu akabaki na kiganja juu ya paja la mwanawe. "Na kesho, docteur," akauliza polepole, "ruhusa ya kumugusa nitaomba kwa nani?"

"Usiombe mutu hata moja, mama. Ni kila siku. Asubui na mangaribi, mpaka akuwe muzee."

Hapo wifi yangu, ambaye hatukumwona akilia tangu Lusenge azikwe, akalia kwa sauti. Jordy akamtazama, akatutazama na sisi, haelewi kitu.

"Mama, ulitoboa mimi," alisema. "Juu ya nini unalia ni wewe?"